Naomba ushauri: Mfamasia wa kupitia dawa zote za mama, Moshi

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Mama yangu ana miaka 71, tunaishi Moshi. Ana presha na kisukari, na magoti yanamsumbua sana. Kliniki ya presha wanampa losatani na amlodipini, ya kisukari wanampa metifomini. Magoti yalitibiwa kwingine, akaandikiwa diklofenaki, na ikiisha ananunua nyingine duka la dawa. Sasa miguu inavimba na presha haishuki kama zamani.

Ninavyojua, diklofenaki inaweza kupandisha presha, na ikienda pamoja na losatani inaweza kuumiza figo, hasa kwa mzee. Lakini amlodipini nayo huvimbisha miguu, kwa hiyo sitaki kubahatisha. Kila daktari anaangalia ugonjwa wake tu. Muuza dawa nilipomuuliza alisema turudi hospitali, bila kusema kwa nani.

England, mwaka 2015, walianza mpango wa kuweka wafamasia kwenye vituo vya madaktari wa familia, wakae na mgonjwa na kupitia dawa zake zote kwa pamoja. Mtu wa namna hiyo ndiye ninayemtafuta.

Je, kwa Moshi mgonjwa wa nje anaweza kumwona mfamasia wa hospitali kwa kazi hiyo, au lazima daktari amwandikie? Na mbali na pakiti za dawa na kadi za kliniki, tuwe tayari na kipimo cha figo, au wataagiza wenyewe?