Wakuu, yule waliyemgonga kwenye I Know What You Did Last Summer alikuwa nani hasa? Naombeni ufafanuzi

Mtoto wa Kibandani

Habari za jumapili wakuu. Jana nimelala saa nane usiku kwa ajili ya picha ya mwaka 1997 na bado sijaielewa, naombeni mnisaidie bila matusi.

Hii muvi nliianza zamani sana kibanda umiza, niko darasa la sita, kiingilio mia, tumekaa kwenye mkeka wengine wamepakatana, na ile inafika pale demu anafungua buti la gari anakuta maiti imejaa kaa mpaka mdomoni, umeme ukakatika. Watu tukapiga kelele kama tumeona jini. Mwenye kibanda akasema hela harudishi kwa sababu umeme si wake. Basi miaka yote nimekaa sijui mwisho wake, juzi ndo nikaipata nikaimaliza.

Sasa swali. Vijana wanne, Julie, Helen, Barry na Ray, wanatoka kula bata usiku wa tarehe 4 Julai, wanamgonga mtu barabarani, wanaogopa soo, wanamtupa baharini, wanaapa kukausha. Mwaka mmoja baadaye inakuja barua kwamba kuna mtu anajua walichofanya. Mpaka hapo niko nao. Halafu mara gazeti linasema maiti ni ya David Egan, mara mwisho anatokea mvuvi Ben Willis na kulipiza kisasi chake. Kisasi cha nini na yeye yuko hai?? Walimuua nani sasa? Na huyo Susie wa kwenye tatuu ni nani? Mi nilishajua muuaji ni Ray, nikamwambia na wife, saizi ananicheka.

Fundi Kanda

Mkuu usijali, wengi mlipigwa chenga hapo, na picha yenyewe inaelezea haraka haraka mwishoni wakati watu wanakimbia. Nakuwekea taratibu.

Hesabu tarehe 4 Julai tatu siyo mbili. Ya kwanza huioni kabisa, inasimuliwa tu: David Egan anaendesha gari na mchumba wake Susie Willis, wanapata ajali, Susie anakufa, David anapona. Baba yake Susie ndo huyo mvuvi Ben Willis. Ya pili, mwaka mmoja baadaye siku ile ile, David anaenda kukaa palepale kwenye majabali na chupa yake (rudi mwanzo wa picha utamwona, ndo yule mlevi anayeangalia bahari, wengi tunamruka tukidhani ni mandhari) na Ben anamfuata anamuua. Amemaliza kazi yake anarudi zake gizani, anavuka barabara, wale watoto wanakuja na BMW ya Barry wanampiga. Kwa hiyo waliyemgonga ni BEN na hakufa. Maiti iliyoopolewa baharini ni ya David, ambaye wao hawajamgusa hata ukucha.

Wao wakasoma gazeti wakajumlisha moja na moja wakapata kumi na moja. Mtu yuko majini, sisi tulitupa mtu majini, basi ndo huyo. Ile tatuu ya Susie ilikuwa kwenye mkono wa mtu waliyemtupa na ndo iliyomfungua macho Julie. Nyingine ni barua, dada yake David anaihifadhi akijua mdogo wake alijiua na ndo ujumbe wa mwisho, kumbe mwandiko ni uleule wa barua aliyopelekewa Julie. Haikuwa ya kujiua, ilikuwa ya vitisho.

Ya tatu ndo picha yenyewe sasa.

Kuhusu Ray usijilaumu, walikutegea makusudi. Alikuwa anaenda kumwona dada wa marehemu kwa jina la uongo Billy Blue kwa sababu roho inamsuta, halafu boti lake limeandikwa jina hilohilo. Mi mwenyewe niliona lile jina kwenye boti nikasema tayari, huyu hapa. Wife amekuonea.

binti_mwambao

Fundi umeeleza vizuri kaka, naongezea la kwangu, na hili huwa linaniuma kila nikiiangalia. Wale watoto wangeenda polisi usiku uleule wasingekuwa na kesi kubwa kiviile. Fikiria, umemgonga mtu, unaita polisi, polisi wanakuja wanakuta mvuvi yuko hai na majeraha yake, kesho yake maiti ya David inaonekana pale pale jirani. Anaanza kuulizwa nani? Si mvuvi! Yani wangekuwa wamemkamata muuaji bila kujua. Wao kwa kuogopa kesi ya ajali wakaenda kumsaidia muuaji kupotea halafu wakabeba dhambi yake mwaka mzima.

Na walijua yuko hai! Watu hawapasemi hapo. Pale gatini alishtuka akamshika Helen taji lake la umiss akazama nalo, Barry akapiga mbizi kulifuata, na kule chini jamaa akafumbua macho. Barry amemwona kwa macho yake. Ilipofika hapo siyo ajali tena, wametupa mtu aliye hai. Mi Barry alivyokufa sikumsikitikia hata kidogo.

Halafu jamani wanaosema muuaji ana ndoana, ndoana ni ya kuvulia changu. Ile ni kulabu. Mtu hauawi na ndoana labda aimeze.

Mchungaji wa Mbuzi

Hahahaaa labda aimeze

Dada mi naona kesi ingekuwepo tu. Anayeendesha ni Ray, kweli hajalewa, lakini gari siyo lake, mwenye gari amelewa chakari amesimama kwenye uwazi wa paa anapiga mayowe mpaka chupa inadondoka ndani, dereva anageuza macho, pwaa. Nenda ueleze hiyo kituoni usiku wa manane. Na Ray ndo maskini wa kundi, wenzake wa kwao wanazo. Alijua atakayebebeshwa ni nani. Ndo maana akakubali, siyo ukatili ni hesabu.

Mi naendesha gari za watu nasema kwa uzoefu. Siku moja nilipiga mbuzi usiku, mbuzi tu, niliyempakia akawa anasema twende twende, na mguu wangu wenyewe ulishakanyaga mafuta kabla kichwa hakijaamua. Nilirudi kesho yake nikalipa lakini usiku ule sikulala. Hilo jina langu la humu ndo lilipotoka msicheke.

Fundi Kanda

Sasa Mchungaji umegusa kitu. Ukiangalia vizuri ile picha haina haraka ya kuua, inakuonyesha kwanza siri imewafanya nini. Julie kaenda chuo Boston, anarudi likizo maksi zimeanguka hata mama yake hamwelewi. Helen alisema anaenda New York kuwa msanii, karudi anauza duka la familia chini ya dada yake anayemsimanga. Ray kaingia baharini. Barry ni pombe tu. Na hawaongei! Marafiki wa kufa na kuzikana wanapishana mtaani kama hawajuani. Yule mvuvi alikuja kumalizia tu, kazi nusu walishajifanyia wenyewe.

Mwalimu_Mstaafu

Wanangu, naomba niingie. Hiyo hadithi asili yake ni kitabu cha Lois Duncan cha mwaka 1973, kinasomwa na vijana wa shule kule Marekani. Nilikipata kwenye sanduku la vitabu vya msaada shuleni, hakina jalada, nikakisoma kwa siku mbili.

Kitabuni hakuna mvuvi, hakuna kulabu, hakuna bahari. Waliyemgonga ni mtoto mdogo yuko kwenye baiskeli usiku, na wanakimbia. Hakuna utata wa alikuwa nani, alikuwa mtoto wa watu na amekufa kweli. Na hakuna hata mmoja katika wale wanne anayeuawa. Barry anapigwa risasi lakini anapona. Kitabu kizima ni woga na dhamiri, unasoma unajiuliza wewe ungefanyaje.

Sinema ilipoandikwa na Kevin Williamson, yule wa Scream ya 1996, akaihamishia mji wa wavuvi, Southport huko North Carolina, mkoa aliozaliwa yeye mwenyewe, na baba yake alikuwa mvuvi. Kwa hiyo makoti ya mvua na barafu na harufu ya samaki alikuwa anavijua toka utotoni. Hapo simlaumu. Ila bibi Duncan hakufurahi, na ana haki. Bintiye aliuawa kwa risasi mwaka 1989 akiwa na miaka 18, halafu miaka minane baadaye anaingia sinema anakuta hadithi yake imegeuzwa watoto wanachinjwa na watu wanakula bisi. Amefariki mwaka 2016.

Mtoto wa Kibandani

Shikamoo mwalimu. Hiyo ya bintiye sikuijua kabisa, imenifanya niangalie hii kitu tofauti. Kwa hiyo picha ilimgeuza mtoto asiye na hatia ikamfanya muuaji?

Mwalimu_Mstaafu

Marahaba mwanangu. Ndiyo, na kwa maoni yangu hapo ndipo walipokwepa. Ukimgonga mtoto wa baiskeli huna pa kujifichia. Ukimgonga muuaji, mtazamaji anapumua, anasema aah kumbe alistahili. Wamewapunguzia vijana mzigo ili tuwapende.

binti_mwambao

Mwalimu kwa heshima zote hapo sikubaliani. Hawajui kama ni muuaji! Dhambi inahesabiwa kwa ulichokusudia. Wao wametupa mtu wakijua ni mtu mwema, basi ni hivyohivyo. Mi naona walivyofanya ni ukali zaidi, mwaka mzima wanalilia maiti isiyo yao.

Mwalimu_Mstaafu

Hilo nalo ni neno.

Kijana wa Sinza

Nyie wazee mnafanya muvi ya kutisha kuwa somo la dini, mi naomba kuuliza HELEN ALISIMAMA KUFANYA NINI. Demu kapambana kuliko wote. Katoka kwenye gari la polisi, polisi kachinjwa mbele yake, kakimbilia dukani kwao, dada mtu kauawa, kapanda juu na kile kilifti cha mizigo cha kuvuta kamba kwa mikono, karuka dirishani, kaanguka, kaamka, anachechemea kichochoroni, mbele yake HAPO maandamano ya sikukuu yanapita, matarumbeta, watu kibao, imebaki kama kutoka hapa mpaka kwa Mangi. Anasimama anageuka nyuma. Mi nilirusha rimoti.

Fundi Kanda

Kila mtu alirusha kitu pale kijana. Kibandani kwetu waliamka wote wakawa wanamwambia kimbia we dada kimbia kwa kiswahili. Halafu anauawa kwenye matairi na bendi inapiga, hakuna anayesikia. Ile ndo sehemu bora ya picha nzima, ndo maana Sarah Michelle Gellar aliyecheza Helen anakumbukwa kuliko aliyekuwa steringi. Na steringi wa kiume, Freddie Prinze Jr., alimwoa kweli mwaka 2002, walikutana humohumo kwenye kuirekodi.

Salum wa Darajani

Mi niliona ya kihindi kwanza, Kucch To Hai ya 2003, Tusshar Kapoor na Esha Deol, wanafunzi wanaingia nyumbani kwa profesa kuiba mtihani. Profesa ni Rishi Kapoor. Nikaja kuona ya kizungu nikasema hawa wamemwiba mhindi, nikabishana kijiweni nusura tupigane. Ndo naona mwaka leo. 1997. Niombeeni radhi kwa yule jamaa.

Mtoto wa Kibandani

Hahaha Salum nenda kamtafute.

Wakuu asanteni sana, saizi imeeleweka, nimemsomea wife maelezo ya Fundi kakubali kwamba Ray walimtegeshea kweli. Ila kuna kitu nimerudia leo asubuhi kikaniacha mdomo wazi. Mwishoni pale, mvuvi kashakatwa mkono na kamba ya boti kaenda zake majini, polisi wanawauliza Julie na Ray, mnajua kwa nini huyu mtu alitaka kuwaua. Wanasema hawajui!! Wenzao wamekufa na bado wanakausha.

binti_mwambao

Umeona eee. Na ndo maana kukawa na ya pili mwaka 1998, muuaji akamfuata Julie mpaka Bahamas. Na mwaka 2025 wametoa nyingine, wamemrudisha Julie na Ray watu wazima. Hiyo sisemi kitu kaione mwenyewe.

Kijana wa Sinza

Hamjajibu la muhimu. Pale umeme ulipokukatikia mkuu. Julie anafungua buti, maiti ya Max, yule jamaa yao wa mtaani, na kaa ndoo nzima. Anakimbia kuwaita wenzie, wanarudi, buti jeupe, hakuna maiti hakuna kaa hakuna hata tone la maji. Mchana kweupe. Mvuvi peke yake kaokota kaa wote wale mmoja mmoja saa ngapi?

Mchungaji wa Mbuzi

Kaa mwenyewe anabana vidole. Labda alikuwa na ndoo na mfagio

Fundi Kanda

Mimi nimeitazama zaidi ya mara kumi, hapo huwa nainuka naenda kuchukua maji.