Mliowahi kukabwa na jinamizi: tupeane uzoefu. Uliona nini, na ulijinasuaje?

Mwana wa Kilwa:
Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wale waliowahi kuzinduka usiku wakajua kabisa kwamba wako macho, wanasikia feni inazunguka na jirani anakohoa, lakini kuinua hata kidole hawawezi. Kifua kizito, sauti haitoki. Na mara nyingi kuna mtu humo chumbani: amesimama mlangoni, au amekukalia juu kabisa. Pwani tunasema umekabwa na jinamizi. Bara wengi watakwambia umechezewa na wachawi.

Nimeufungua kwa sababu watu wanalibeba jambo hili kimyakimya. Wakilisema, huyu anawaambia wamerogwa, yule anawaambia wameanza kuchanganyikiwa. Wakati ukweli ni kwamba tuko wengi. Mwaka 2011 watafiti walikusanya pamoja tafiti nyingi za nyuma wakakuta karibu watu 8 kati ya 100 limewapata angalau mara moja maishani, na kwa wanafunzi ni karibu 28 kati ya 100.

Ninavyoelewa mimi ni hivi. Usingizi hauko namna moja usiku kucha. Unakwenda kwa mizunguko ya kama dakika 90, na ndani ya kila mzunguko kuna kipindi ambacho macho yanachezacheza chini ya kope na ndoto zinakuwa kali. Kipindi hicho kiliripotiwa mwaka 1953 na Aserinsky na Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago. Wakati huo shina la ubongo linapeleka amri kwenye uti wa mgongo, misuli inalegea, ili usije ukayatenda unayoyaota. Mfaransa Michel Jouvet alilionyesha hilo kwa paka: alipoharibu sehemu ndogo ya shina la ubongo wao, paka wakawa wanainuka huku wamelala, wananyemelea na kurukia mawindo ambayo hayapo. Sasa jinamizi ni pale fahamu zinaporudi kabla amri ile haijaondolewa. Wewe umeamka, mwili haujaamka, na ndoto nayo inaendelea, ila safari hii inaendelea ndani ya chumba chako mwenyewe, na kitanda chako na pazia lako.

Atakayechangia atuambie alilala chali au ubavu, ilikuwa mida gani, aliona au kusikia nini, na nini kilimtoa. Anayeamini ni jini aseme, anayeamini ni ubongo aseme. Tusikilizane.

Zamu ya Usiku:
Mimi ni nesi. Hunipata nikitoka kazini asubuhi, nikilala mida ya saa tatu nimechoka hoi. Nalala chali. Nasikia mashine ya wodini inalia na mtu ananiita, "sista, sista," karibu kabisa na sikio. Najua niko nyumbani, naliona dirisha, lakini yule mtu hanyamazi.

Nimekuja kuelewa kwa nini ni asubuhi. Usingizi wa ndoto unakuwa mwingi kuelekea alfajiri na saa zinazofuata, na ukiwa unadaiwa usingizi ubongo unaukimbilia mapema kuliko kawaida. Kwa hiyo anayelala baada ya zamu anaingia ndotoni haraka na kutoka vibaya.

Kuhusu kifua, niseme jambo moja maana ndilo linalowatisha watu. Hukosi hewa. Kiwambo kinachovuta pumzi hakilegezwi, wala misuli ya macho. Kinacholegea ni misuli ya katikati ya mbavu, kwa hiyo ukijilazimisha kuvuta pumzi kubwa inakataa, unahisi umekaliwa. Mimi siku hizi sipigani. Naiacha pumzi iende yenyewe, nahangaika na kidole gumba cha mguu au ulimi tu. Kikicheza kimoja, mwili wote unafunguka.

Mpemba wa Wete:
Assalaam alaykum. Nyie vijana hamkuuona mwaka 1995. Popobawa, lile zimwi lililosemwa kuwavamia watu usiku, lilianza kwetu Pemba, likavuka Unguja, na ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Watu wazima, wanaume wenye familia zao, walikuwa wanalala nje kwa makundi wakiota moto, hakuna anayetaka kulala chumbani peke yake. Ilisemwa kwamba ukiingiliwa usipowatangazia wenzio, litakurudia. Basi kila aliyekabwa alfajiri anatangaza, na kila anayesikia usiku wake halali vizuri.

Mimi lilinikaba. Nililala chali barazani, nikaona kitu cheusi kinatanda juu yangu kutoka usawa wa paa, na harufu kali. Nikasoma moyoni mpaka nikaweza kugeuka. Sikatai kwamba majini yapo, hiyo ni imani yangu. Lakini nikisoma alivyoeleza huyu dada nesi nakumbuka jinsi tulivyokuwa: daku, hofu, usingizi wa mang'amung'amu, kushtushwa na makelele kila saa. Mwaka huo Unguja watu walimuua mtu mgonjwa wa akili kwa kudhani ndiye popobawa. Hilo linaniuma mpaka leo. Mwaka 2001 uvumi ukarudi tena.

Mteule:
Nilikemea kwa jina la Yesu, kimoyomoyo, maana mdomo haukufunguka. Likaniachia papo hapo. Sina zaidi.

Mwana wa Kilwa:
Mteule, nashukuru. Nami husoma Ayatul Kursi, na nikishaanza hofu inashuka. Mzee wetu wa Wete, umegusa jambo kubwa: hofu inakatakata usingizi, na usingizi uliokatika ndio unaoleta jinamizi. Mji mzima unaweza kuingia kwenye mzunguko huo kwa pamoja.

Dereva wa Tunduma:
Mimi sijawahi kukabwa, langu ni kinyume chake. Nyie mwili umelala akili iko macho. Mimi macho yako wazi, mikono iko kwenye usukani, akili haipo. Nimetoka Mikumi usiku, nikashtuka niko Ruaha Mbuyuni na katikati hapo sikumbuki kitu. Siyo kwamba nilisinzia kichwa kikaanguka. Utingo aliniambia nilikuwa natazama mbele tu, ila aliniita nisiitike.

Zamu ya Usiku:
Kaka, humo kulikuwa na vipande vya usingizi, hata kama macho hayakufumba. Ubongo uliochoka unajikatia sekunde chache bila kukuomba ruhusa. Piga hesabu: kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, sekunde 3 ni zaidi ya mita 60 ambazo gari halina dereva. Kahawa inasaidia kwa muda tu. Kadiri unavyokaa macho kuna kitu kinaitwa adenosini kinajikusanya ubongoni na ndicho kinacholeta lepe. Kahawa inauzuia ubongo usikihisi, lakini chenyewe hakijaondoka. Kinaondolewa na kulala. Nakuomba kwa dhati, egesha gari ulale hata dakika 20.

Mama Wawili:
Na mimi nichangie, ingawa langu si jinamizi. Nilifanyiwa upasuaji wa dharura kujifungua, nikapewa dawa, baadaye nikaambiwa ni ketamini. Kuta zilikunjika. Nikajiona niko juu darini, natazama watu wamezunguka meza, na kwenye meza kuna mwanamke. Nikasikia mtoto analia, nikawaza, mtoto wa nani huyu? Sikuhisi maumivu, sikuhisi hata furaha. Muuguzi aliniambia muda wote macho yangu yalikuwa wazi.

Mwanangu sasa ni mkubwa, lakini bado najiuliza: yule aliyekuwa anauliza "mtoto wa nani" alikuwa nani, kama siyo mimi?

Zamu ya Usiku:
Mama, ulichoona wengi wanakiona. Ketamini haimlazi mtu kama nusu kaputi nyingine, inamtenga na mwili wake. Tunaitumia sana kwa sababu mgonjwa kwa kawaida anaendelea kupumua mwenyewe na presha haishuki. Na wala nusu kaputi yoyote si usingizi hasa. Aliyelala ukimtikisa anaamka, na akiamka anajua muda umepita. Wa nusu kaputi anafungua macho anauliza, "mnaanza lini?"

Mwana wa Kilwa:
Swali la Mama Wawili ndilo lililonifanya nianze kufuatilia haya mambo. Tunasema mtu "ana fahamu" au "hana fahamu", utadhani ni taa, imewaka au imezimwa. Someni tena hapo juu. Dada nesi anajua yuko wapi lakini hana mwili. Dereva ana mwili lakini hayupo. Mama anasikia na kuwaza, ila hajitambui kuwa ni mama. Kuhisi, kusogea, kukumbuka, kujijua: vinarudi kimoja kimoja na vinaweza kupishana. Kila asubuhi vinakutana pamoja bila sisi kugundua, na ni pale vinapopishana ndipo tunaona kumbe vilikuwa vingi.

Ngosha wa Shinyanga:
Nimesita kuandika. Kwetu kijijini dada yangu alikuwa anakabwa mara kwa mara, na aliyemwona ni mwanamke mzee amesimama mlangoni. Akaanza kusema sura ni ya bibi yetu mzaa baba. Mganga akaitwa, akathibitisha. Bibi alikuwa na macho mekundu, kama kina mama wengi waliopikia kwenye moshi wa kuni na samadi miaka yote. Mnajua kwetu macho mekundu yamewaua akina bibi wangapi. Maneno yakaanza. Baba akamtoa usiku, akampeleka kwa shangazi Kahama.

Dada akaenda shule ya bweni, mbali kabisa. Kule bwenini akakabwa tena, mwanamke yuleyule, mlangoni vilevile. Ndipo alipoanza kulia akisema haikuwa bibi. Bibi alifia Kahama bila kurudi nyumbani kwake.

Mwana wa Kilwa:
Ngosha, pole sana, na asante kwa kulitoa.

Kwa mnaosoma kimya: kile kivuli ni cha kawaida. Mtu akizinduka hawezi kusogea, ubongo unatafuta hatari iko wapi, na kwa kuwa ndoto bado inaendelea, unaitengeneza. Sura inatoka kwenye hofu ambayo mtu tayari anayo. Wajapani wana jina lao, kanashibari. Newfoundland kule Canada ni bibi kizee anayekaa kifuani. Misri wanalitaja jini. Dada yako aliona kweli alichokiona, hakudanganya. Lakini kuona sura ya mtu ukiwa katika hali hiyo si ushahidi juu ya mtu huyo, na mganga anayeichukua kama ushahidi anahatarisha roho ya mtu.

Mkongwe:
Mimi siku hizi naamka saa tisa usiku kila siku, naangalia dari mpaka adhana. Watoto wanasema nachezewa.

Mwana wa Kilwa:
Shikamoo mzee. Ukiwa mzima mchana, usiogope. Kuna utafiti uliotolewa mwaka 2017 kwa Wahadzabe, wale wawindaji wa kule Ziwa Eyasi. Watu wazima 33 walivalishwa vifaa vya kupima usingizi kwa siku 20, na muda ambao wote kwa pamoja walikuwa wamelala ulikuwa dakika 18 tu. Wazee walikuwa wanalala mapema na kuamka mapema, vijana wanachelewa. Karibu kila saa ya usiku kuna aliyekuwa macho, na kambini hilo ni jambo la maana, kwani daima kuna wa kuhisi hatari ikija.

Mwalimu wa Kidato:
Nina mwanafunzi anasinzia kila kipindi, adhabu zimemwisha. Analalamika anakabwa karibu kila usiku. Kilichonishangaza, akicheka sana magoti yanamlegea, anakaa chini, huku anatusikia vizuri tu.

Zamu ya Usiku:
Mwalimu, huyo asiadhibiwe tena. Usingizi wa mchana usiozuilika, jinamizi la kila mara, na mwili kulegea kwa kicheko, vikikutana vitatu hivyo daktari anafikiria ugonjwa unaoitwa nakolepsia. Wengi wenye kulegea hivyo wamepungukiwa na kemikali ya ubongo inayotuweka macho, oreksini, iliyogunduliwa mwaka 1998. Ni ule ulegevu wa ndotoni unaomjia mchana. Ongea na wazazi, apewe rufaa kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Aandike kwa wiki mbili saa anayolala, saa anayoamka na kila alipolegea, aende na hiyo karatasi. Na asipande mti wala kuogelea peke yake mpaka aonwe.