Mjadala: Je, fomu ya vipimo vya kichwa na uso iulize kabila?

Mwanzilishi, muuguzi, Nairobi

Ndugu zangu, naleta mbele yenu jambo lililonikosesha raha tangu wiki jana, nilipokabidhiwa fomu ya kupima vichwa na nyuso za wahudumu wa afya ili barakoa ziagizwe kwa saizi zinazotutosha. Vipimo vyenyewe sina neno navyo: urefu wa kichwa kutoka katikati ya nyusi hadi kisogoni, upana wa uso kwenye mifupa ya mashavu, urefu wa uso kutoka panapoanzia pua hadi kidevuni. Lakini safu ya kwanza kabisa, kabla ya umri na jinsia, inauliza kabila. Msimamo wangu ni kwamba tupimwe, na safu hiyo ifutwe.

Haja ya kupima naijua kwa mikono yangu. Mwaka 2020, wakati wa korona, nilikuwa nikiwajaribisha wenzangu barakoa. Mtu huvaa barakoa, hufunikwa kichwa kizima kwa kofia yenye dirisha la plastiki, kisha hunyunyiziwa humo ndani dawa chungu. Akiuonja uchungu ulimini, barakoa inavuja. Dada mmoja mwenye uso mwembamba alikunja uso kabla sijanyunyiza mara ya tatu, na nilipopapasa kando ya pua yake nikakuta mwanya unaopitisha ncha ya kidole. Kwa barakoa ya aina hiyo hiyo alikuwa akiingia wodini siku zote. Mwenzake wa kabila moja naye, tena wa kijiji kimoja, mwenye uso mpana, ilimkaa barabara.

Kipimo hiki kina ukoo mbaya, na hilo ndilo linalonitia hofu. Katika miaka ya 1840, Anders Retzius wa Sweden aligawanya upana wa kichwa kwa urefu wake, akazidisha kwa 100, na kwa namba hiyo moja akaanza kuwapanga wanadamu kuwa watu wa vichwa virefu na watu wa vichwa vifupi. Mji wetu nao haukusalimika. F. W. Vint, mtaalamu wa maradhi aliyefanya kazi hapa Nairobi chini ya serikali ya kikoloni, alipima bongo za Waafrika waliofariki, na mwaka 1934 akachapisha makala akidai kwamba tabaka la juu la ubongo wa Mwafrika wa Kenya ni jembamba kuliko la Mzungu. Madai ya namna hiyo yakatumiwa kuhoji kama elimu inamfaa Mwafrika. Nchini Rwanda, Wabelgiji walipima pua na vimo, na katika miaka ya 1930 wakatoa vitambulisho vilivyoandikwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Mwaka 1994 vitambulisho vya namna hiyo vilisomwa kwenye vizuizi vya barabarani, na aliyeonekana kuwa Mtutsi akauawa papo hapo.

Mchangiaji wa pili, daktari wa meno

Ndugu muuguzi, historia hiyo siipingi hata kidogo, ila naona unataka kutupa mtoto pamoja na uchafu wake. Mwaka 1948 Mmarekani William Downs alitoa viwango vya kupimia uso na taya kutokana na vijana 20 tu, wote Wazungu, na viwango hivyo vikaenea duniani. Nikiilinganisha navyo picha ya eksirei ya mtoto wa Nairobi mwenye meno mazuri na midomo iliyojaa, namba zinasema meno yake yamesukumwa nje, na daktari asiye mwangalifu atamng'oa magego madogo manne yasiyo na kosa lolote. Nitamtetea vipi mtoto huyo nisipopima watu wa hapa na kusema wazi kwamba ni watu wa hapa? Mwanza, Tanzania, watafiti waliwapima nyuso watoto zaidi ya 3,000, na mwaka 2016 wakaeleza jeni zinazohusiana na ukubwa na umbo la uso. Maarifa hayo hatuyapati kwa kufumba macho.

Mchangiaji wa tatu, Kayole

Mimi nauliza tu. Baba yangu ni Mluhya, mama yangu ni Mkamba, na mke wangu ni Mborana. Wanangu waandikwe wapi?

Mwanzilishi

Daktari, umenigusa penye ukweli, na nakubali kwamba viwango vya vijana 20 wa Marekani visimhukumu mtoto wetu. Ila dawa ya hilo ni viwango vilivyopimwa hapa, kwa watoto wengi wa kila aina, na mtoto wa ndugu yetu wa Kayole ahesabiwe humo bila kuchaguliwa mzazi mmoja. Hesabu ya mwanajenetiki wa Marekani Richard Lewontin ya mwaka 1972 ilionyesha kwamba takriban asilimia 85 ya tofauti za kijenetiki za wanadamu zimo ndani ya jamii moja moja, na tofauti za maumbo ya mafuvu nazo haziko mbali na hapo. Nikijua kabila la mtu, bado sijui barakoa gani itamkaa.

Tazama walivyofanya NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini. Mwaka 2003 walipima wafanyakazi wapatao 4,000, na kweli waliwauliza asili zao, ili wasipime weupe peke yao. Lakini jedwali lililotokana na kazi hiyo, linalotumika kuteua watu wa kujaribia barakoa, lina vyumba 10 vilivyogawanywa kwa urefu na upana wa uso tu.

Kwa hiyo naregeza msimamo wangu kidogo. Aulizwe mtu asili yake wakati wa kutafuta washiriki, kwa hiari yake, kwenye karatasi ya kando isiyo na jina, ili Mturkana au Mswahili wa Lamu asisahaulike. Kisha karatasi hiyo isiambatanishwe kamwe na vipimo vyake. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inaihesabu asili ya kikabila kuwa data nyeti. Jumatatu nitawarudishia fomu yao pamoja na pendekezo hili, na hadi nitakapojibiwa, sitampima mtu yeyote.