Kozi ya uzamili ya hifadhidata za grafu imetathminiwa kwa dodoso la kuridhika, na gharama yake tunailipa kazini

Wakuu, salaam.

Nilijizuia muda mrefu kufungua uzi huu nikisubiri hasira ipoe, lakini haijapoa, kwa hiyo naandika nayo hivyo hivyo. Nilisoma kozi ya hifadhidata za grafu (zinazohifadhi vitu pamoja na viunganisho kati yake) ndani ya shahada ya uzamili ya usimamizi wa TEHAMA, na juzi nimepata nafasi ya kuisoma ripoti ya tathmini ya muundo wa kozi hiyo. Ripoti inatamka kwamba kozi imefaulu na itaendelea kufundishwa kama ilivyo. Ushahidi wote uliomo ni dodoso moja la maswali kumi, la kujibu kwa alama 1 hadi 5, ambalo tulilijaza wiki ya mwisho ya vipindi, kabla mradi haujasahihishwa na kabla yeyote kati yetu hajajua kama ameelewa au amekariri tu. Wenzetu walioacha kozi katikati hawakuulizwa neno, ingawa wao ndio waliokuwa na la kusema kuliko sisi tuliobaki.

Swali lililopata alama za juu kuliko yote lilihusu upatikanaji wa mhadhiri. Ni kweli, mhadhiri wetu alipatikana kila tulipomhitaji, na sina ugomvi naye hata kidogo. Ugomvi wangu ni na waliokaa mezani, wakachukua wastani wa majibu ya namna hiyo, wakauita uthibitisho kwamba kozi imesanifiwa vizuri.

Nitaeleza zoezi moja tu, mtaona ninachokisema. Tulipewa grafu ndogo yenye nodi (yaani vitu vinavyounganishwa) za swichi za mtandao, seva, programu na huduma, zikiunganishwa na uhusiano ulioitwa INATEGEMEA, mshale ukitoka kwa kinachotegemea kwenda kwa kinachotegemewa. Swali likawa: seva fulani ikizimika, ni huduma zipi zitaathirika? Niliandika ulizo langu kwa Cypher, lugha ya kuulizia hifadhidata za grafu, nikaanzia kwenye ile seva na kuufuata mshale unakoelekea. Yakarudi majibu mawili, swichi na kifaa cha hifadhi, yaani vitu ambavyo seva yenyewe inavitegemea. Jibu sahihi lilikuwa upande wa pili kabisa: nilipaswa kurudi kinyume cha mshale ili nifike kwenye programu na huduma zinazoitegemea seva. Mfumo wa kusahihisha uliangalia kama ulizo limekimbia bila hitilafu na kama limerudisha chochote. Nikapewa alama zote, wala hakuna aliyeniambia kwamba nimeelewa kinyume.

Nililijua kosa hilo miezi michache baadaye, usiku, wakati wa matengenezo ya swichi kazini. Orodha ya huduma zitakazoguswa niliiandaa mimi, kwa ulizo lile lile nililolipatia alama zote. Swichi ilipozimwa, huduma ya uthibitishaji wa watumiaji ikaanguka, na kila mfumo unaohitaji mtu aingie kwa nywila ukaanguka nayo. Hakuna hata mmoja wa mifumo hiyo uliokuwa kwenye orodha yangu. Nilikaa mbele ya skrini nikiutazama mshale ule, nikauelewa kwa mara ya kwanza, huku simu ikiita mfululizo. Kosa ni langu na nililikubali mbele ya timu nzima. Lakini naomba mtu anieleze: kozi yenye neno “usimamizi” katika jina lake, ikiwa haipimi kama mhitimu anaweza kujibu swali la “kikizimika hiki, kinaanguka nini”, inapima nini?

Elimu ya kutathmini kozi si ngeni kiasi cha kutuomba tuvumilie. Donald Kirkpatrick, mtaalamu wa tathmini ya mafunzo, alipendekeza mwaka 1959 ngazi nne za kutathmini mafunzo: mwitikio wa washiriki, walichojifunza, mabadiliko ya utendaji wao kazini, na matokeo kwa taasisi. Ripoti yetu imeishia ngazi ya kwanza, kisha ikaandika hitimisho la ngazi ya nne. John Biggs, mwanasaikolojia wa elimu, alieleza mwaka 1996 kwamba malengo ya kozi, shughuli za darasani na mitihani vinapaswa kusema jambo moja. Sasa fungueni mwongozo wa kozi yetu. Malengo yanasema mwanafunzi ataweza kubuni modeli ya grafu kwa mazingira ya TEHAMA na kutathmini ufaafu wake. Darasani tulitumia nusu ya muhula tukiuliza nani aliigiza na nani katika data ya mfano ya filamu. Mtihani ukatutaka tueleze maana ya nodi. Malengo, vipindi na mtihani, kila kimoja kilishika njia yake, na jopo la tathmini halikuweka hata sentensi moja kuhusu hilo.

Data ile ya filamu ni safi kupita kiasi, na hapo ndipo hasara ilipo. Mtu anayesimamia TEHAMA hukutana na sajili ya vifaa ambamo seva moja imeandikwa kwa majina mawili, programu iliyozimwa zamani bado inaonekana hai, na tegemezi muhimu kuliko zote haijaandikwa popote kwa sababu aliyeiunganisha aliondoka nayo kichwani. Grafu iliyojengwa juu ya sajili kama hiyo hujibu haraka, na hujibu vibaya. Nani ana wajibu wa kuisasisha? Tunaulinganishaje uhusiano uliosajiliwa na ule unaoonekana kwenye mtandao wenyewe? Muhula mzima ulipita bila maswali hayo kuguswa.

Kuna na la ukweli wa masomo yenyewe. Tuliambiwa kwamba hifadhidata za majedwali haziwezi kufuata mnyororo wa tegemezi. Kiwango cha mwaka 1999 cha SQL, lugha ya kuulizia majedwali, kilikwisha kuingiza maulizo ya kujirudia, yanayofuata mnyororo hatua kwa hatua, na toleo la 2023 limeongeza sehemu mahususi ya kuuliza grafu iliyojengwa juu ya majedwali. Hoja ya kweli ni lini mnyororo unakuwa mrefu na wenye matawi mengi kiasi kwamba grafu inarahisisha uandishi wa ulizo na kasi ya jibu, na lini jedwali linatosha. Meneja hulipwa kwa ajili ya uamuzi huo. Vilevile GQL, lugha ya kuulizia grafu, ilichapishwa na ISO, shirika la kimataifa la viwango, mwezi Aprili 2024 kama kiwango cha kimataifa, na anayetaka kusaini mkataba na muuzaji yeyote wa hifadhidata ya grafu anapaswa kuuliza bidhaa hiyo inakifuata kiwango kwa kiasi gani, asije akafungwa na lugha ya kampuni moja. Kwenye slaidi zetu GQL haimo.

Nimewaandikia wahusika barua yenye mambo matatu. Nimeomba zoezi lile lisahihishwe kwa kulinganisha majibu na orodha sahihi inayojulikana, na lirudiwe kwenye data iliyoharibiwa makusudi. Nimeomba wanafunzi wapewe tatizo lile lile la tegemezi mwanzoni na mwishoni mwa kozi ili tofauti ionekane. Nimeomba wahitimu waulizwe baada ya miezi sita, pamoja na wasimamizi wao wa kazi na wale walioacha kozi. Jibu nililopata lina mstari mmoja: maoni yako yamepokelewa. Kundi jipya limekwisha kuanza vipindi, na aliyemo ndani yake amenionyesha zoezi la wiki ya nne. Ni lile lile, na bado linasahihishwa vile vile.

Kama yupo humu anayefundisha au aliyesanifu kozi ya namna hii, naomba aweke hapa jinsi anavyolipima swali la athari kwa wanafunzi wake. Nitaiambatanisha na barua ya pili.