MREJESHO: Kizunguzungu cha mama na dawa za presha

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kama mama (miaka 61, tuko Igoma, Mwanza) aache dawa za presha, maana alikuwa akiamka usiku kwenda chooni anayumba, siku moja akaanguka.

Asanteni mliosisitiza asiache ghafla. Tulikwenda hospitali na dawa zote kwenye mfuko, hata zile za duka la dawa. Hapo ndipo mambo yalipofunguka. Mbali na dawa zake mbili za presha, losartani na dawa ya kukojoza, mama alikuwa anameza diklofenaki (dawa ya maumivu) kila siku kwa ajili ya magoti. Sikujua kabisa! Daktari akasema diklofenaki hupandisha presha, na ikichanganyika na hizo mbili inaweza kuumiza figo. Ameizuia, akampa parasetamo, akaagiza kipimo cha figo. Namshukuru Mungu, ziko salama.

Walimpima presha amekaa, kisha amesimama, ilishuka sana. Dozi imepunguzwa, na ya kukojoza sasa anameza asubuhi badala ya usiku. Akiamka anakaa kwanza kitandani kidogo.

Wiki ya pili hii hajayumba. Jana kaenda mwenyewe mwaloni Kirumba kununua dagaa.