MREJESHO: Safari ya Charleston na mama

Wakuu, salaam. Niliuliza hapa kama wikiendi ndefu ya Siku ya Wafanyakazi ya Marekani (mwanzoni mwa Septemba) inatosha kumtembeza mama Charleston, South Carolina, na tulale wapi. Mlioshauri Mount Pleasant, ng'ambo ya daraja, asanteni sana. Joto lilikuwa kali, hivyo tulitoka asubuhi tu na jioni.

Makumbusho ya Wamarekani Weusi, yaliyofunguliwa 2023, yamejengwa juu ya nguzo pale Gadsden's Wharf, gati waliposhushwa maelfu ya watumwa. Chini ya jengo, sakafuni, kuna michoro ya miili iliyolazwa bega kwa bega kama melini. Mama alivua viatu, akasimama pembeni, hakusema neno. Msiharakishe hapo.

Sokoni tulikuta akina mama wa Kigullah (wazao wa watumwa wa Kiafrika wa pwani hii) wakishona vikapu vya nyasi. Mama akashika kimoja kipana, akakitikisa hewani: "Huu si ungo?" Muuzaji akafurahi, akaeleza kwamba bibi zao walipepetea mpunga kwa vya namna hiyo mashambani. Bei imechangamka, ila tulinunua kidogo.

Kwa siku tatu, ukiacha fukwe, muda unatosha.