Mrejesho: Pretty Little Liars nimekimaliza, kimeniangusha

Wadau, niliuliza kama kitabu cha Sara Shepard, Pretty Little Liars (2006), kinamfaa mpwa wangu wa kidato cha tatu, mpenzi wa hadithi za upelelezi ambaye mwaka huu katoswa na marafiki zake. Asanteni kwa majibu. Anayepanga kukisoma aruke aya inayofuata.

Mwanzo unavuta. Alison, kinara wa kundi la wasichana watano huko Rosewood, Pennsylvania, anatoweka. Miaka mitatu baadaye wale wanne wameshaachana, na mtu anayejiita A anaanza kuwatumia ujumbe wenye siri walizodhani Alison peke yake anazijua. Mwishoni maiti ya Alison inapatikana, halafu A anaandika tena. Basi! Muuaji hajulikani, A hajulikani. Mfululizo una vitabu 16, kwa hiyo hiki cha kwanza ni chambo tu.

Kilichoniudhi zaidi ni uonevu. Alison alimdhihaki Hanna, mmoja wa wale wanne, kwa unene wake, na mkasa wa Jenna, msichana aliyepofuka, unaguswa kwa mafumbo. Hadithi yenyewe ilikuwa hapo: kwa nini mtu anang'ang'ania rafiki anayemdhalilisha? Mwandishi anapita mbio, anarudi kwenye mikoba ya bei mbaya na wavulana. Kuna hata mwalimu na mwanafunzi wake, eti mapenzi.

Sitampa, na mama yake kaafiki. Mwenye kitabu cha vijana kinachofunga kesi yake humohumo anitajie, tafadhali.